Naruto wa Kariakoo: Nani Amewauliza Vijana?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Ukipita Mtaa wa Kongo, pale Kariakoo, wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, utakuta mabegi ya wanafunzi yametundikwa kuanzia chini hadi juu ya kibanda. Katikati ya mabegi yenye picha za magari na wachezaji wa mpira wa Ulaya, utamwona kijana mmoja mwenye nywele za njano zilizosimama kama miiba, amejifunga kitambaa chenye kipande cha chuma kwenye paji la uso. Ukimwuliza mama anayelipia begi hilo huyo ni nani, atakujibu, "Katuni tu hiyo." Muulize mtoto aliyeshikwa mkono. Atakutazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgeni asiyezijua Simba na Yanga, kisha atakwambia, "Huyo Naruto."

Leo nataka tumzungumzie huyo Naruto na ndugu zake, maana wamekwisha ingia majumbani mwetu na hatujawakaribisha rasmi wala kuwafukuza. Wapo kwenye begi, kwenye fulana za mitumba pale Karume, kwenye jalada la daftari na kwenye simu ya baba pindi baba anaposinzia. Kitu kinachokaa na mtoto saa nyingi kiasi hicho kinastahili kujulikana na mzazi.

Kwanza tuelewane juu ya majina. Michoro hii inatoka Japani. Ikiwa kitabuni, Wajapani huiita manga. Ikiwa ni filamu, huitwa anime. Lakini Mjapani hasemi "katuni" akaishia hapo kama sisi. Yeye huipanga kwa umri na kwa jinsia ya msomaji. Iko ya wasichana, iko ya watu wazima wenye kazi zao, na iko ile inayoitwa shonen, maana yake kijana wa kiume, inayowalenga wavulana ambao sauti zinaanza kukatika na ndevu bado hazijatoka. Naruto ni wa kundi hilo. Hali kadhalika Son Goku wa Dragon Ball na Luffy wa One Piece. Wasichana nao wanaitazama kwa wingi, huko kwao na huku kwetu, ila mlengwa wa kwanza ni mvulana.

Majuzi nilisimama kwenye duka moja la kujaza filamu, Mtaa wa Aggrey. Msikilizaji ambaye hajafika huko ajue kwamba ni chumba chembamba chenye kompyuta moja, feni moja na foleni ndefu. Mteja huja na flashi yake, hutaja anachotaka, hulipa fedha kidogo na kuondoka na filamu za kutazama mwezi mzima. Mbele yangu alikuwapo mvulana wa darasa la sita au la saba, amevaa sare ya shule. Alitaka Naruto kuanzia alipoishia.

"Shikamoo, anko," akaniamkia aliponiona namtazama.

"Marahaba. Hebu nieleze, huyu Naruto ana nini hasa?"

Akafikiri kidogo. Nilidhani atanieleza habari ya mapigano. Akasema, "Watu wote wa kijijini kwao walikuwa hawamtaki, anko. Yeye akasema atakuwa mkuu wao. Na amefeli mtihani mara tatu."

Nimerudia jibu hilo kichwani kwa siku kadhaa, kwa sababu mvulana yule aliitoa hadithi nzima kwa sentensi tatu. Ndivyo ilivyo. Naruto ni yatima. Siku aliyozaliwa, zimwi la mbweha mwenye mikia tisa lilifungiwa ndani ya mwili wake ili kijiji kiokoke, na kwa sababu hiyo watu wazima wanamkwepa na kuwazuia watoto wao wasicheze naye. Darasani ndiye wa mwisho. Anaropoka na kufanya utundu ili angalau atazamwe. Mwalimu mmoja tu, Iruka, anamwona kuwa ni mtoto na si mkosi. Mchoraji wake, Masashi Kishimoto, aliichora hadithi hiyo kwa miaka 15, kuanzia 1999 hadi 2014, ikajaza vitabu 72. Sasa jiulize: katika madarasa yetu yaliyojaa, ni wavulana wangapi wanaokaa nyuma, wamefeli, wametajwa kwa ubaya, na hawajaona hadithi hata moja ya Kiswahili inayomfanya mtu wa namna yao kuwa shujaa?

Najua wako wazee wanaotikisa vichwa. Watasema hizi ni tamaduni za watu zinazotuharibia watoto. Kauli hiyo ni ya siku nyingi. Ilisemwa miaka ya 1970, wakati sinema za Empire, Avalon na New Chox zilipoonyesha filamu za Bruce Lee, na vijana wa Kariakoo na Ilala wakarudi mitaani wakirushiana mateke. Ilisemwa tena video zilipoingia na vibanda vikaota uchochoroni. Vijana wale leo ndio babu wanaolalamika.

Na katika vibanda vile ndimo mji huu ulipozaa fundi wake. Filamu ilikuwa ya Kichina, ya Kihindi au ya Kiingereza, na watazamaji hawakuijua lugha. Akatokea Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, akaweka sauti yake juu ya filamu na kuisimulia kwa Kiswahili. Hakutafsiri neno kwa neno. Alieleza, alitania, aliongeza chumvi, alimpa mhusika wa Hong Kong maneno ya mtaani kwetu, hata mtazamaji akaona hadithi imetokea Buguruni.

Basi nikwambie jambo ambalo huenda litakushangaza. Wajapani nao walianzia hapo hapo. Enzi za sinema zisizo na sauti, kila jumba la sinema nchini Japani lilikuwa na msimulizi wake, aliyeitwa benshi, akisimama kando ya pazia na kuwaeleza watu kinachotokea. Benshi mashuhuri alikuwa na wapenzi kuliko mwigizaji. Kisha, katika dhiki ya miaka ya 1930, wakaja wasimulizi wa mitaani. Mtu alikuwa na baiskeli, na nyuma ya baiskeli sanduku la mbao lenye picha zilizochorwa kwenye karatasi ngumu. Akifika kwenye kona aligonganisha vijiti viwili, watoto wakamiminika. Aliuza peremende, aliyenunua akakaa mbele, na hadithi ilikatwa pale penye utamu ili kesho watoto waje tena. Televisheni ilipowaua wasimulizi wale baada ya vita, baadhi ya wachoraji wao walihamia kwenye vitabu vya manga. Huo ni mmoja wa mizizi ya kitu tunachokiona kwenye mabegi ya Mtaa wa Kongo: mchuuzi mwenye baiskeli, asiyetofautiana sana na muuza barafu wetu.

Kwa hiyo tulikuwa na benshi wetu, tulikuwa na wachoraji, na watoto wenye hamu hatukuwakosa kamwe. Wenzetu walifika mbali. Sisi tulikwama wapi?

Wengi watajibu: fedha. Sikatai. Lakini iko sababu nyingine ambayo haihitaji fedha nyingi, nayo ndiyo iliyonifanya nichague mada hii.

Mwaka 1968 kampuni ya uchapishaji ya Shueisha, mjini Tokyo, ilianzisha jarida la wavulana, ambalo baadaye lilitoka kila juma kwa jina la Shonen Jump. Halikuwa la kwanza. Washindani wake walikuwa wametangulia na walikuwa na wachoraji wenye majina. Wahariri wake wakafanya jambo la kawaida kabisa: wakawategemea watoto wenyewe. Inasimuliwa kwamba watoto wa shule ya msingi waliulizwa maswali matatu. Ni neno gani linalokuchangamsha moyo? Ni lipi unaloliona muhimu kuliko yote? Na ni lipi linalokufurahisha zaidi? Majibu yaliyoshinda yalikuwa urafiki, juhudi na ushindi. Maneno hayo matatu yakawa msingi wa jarida, na mpaka leo hadithi zake nyingi zinasimama juu yake.

Hawakuishia hapo. Ndani ya jarida waliweka kadi ya posta. Msomaji alitaja hadithi tatu zilizompendeza, akaituma. Kadi zilihesabiwa kila juma. Hadithi iliyopendwa ilipandishwa mbele. Hadithi iliyozama ilikatwa, wakati mwingine baada ya majuma kumi tu, hata kama mchoraji ni mkubwa na mhariri anampenda. Mtoto wa miaka kumi na miwili, mwenye kalamu ya risasi, alikuwa na kura sawasawa na mtu yeyote. Katika utaratibu huo ndimo Akira Toriyama, aliyefariki dunia Machi 2024, alipoichora Dragon Ball kuanzia 1984 hadi 1995. Na mwishoni mwa 1994 toleo moja la jarida hilo lilichapishwa nakala milioni 6.53. Idadi hiyo imeshuka sana tangu hapo kwa kuwa wasomaji wengi wamehamia kwenye simu, lakini desturi ya kumwuliza msomaji imebaki.

Sisi watu wa redio tunaijua nguvu ya kadi. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, msikilizaji alinunua kadi ya salamu, akaijaza majina ya shangazi, wajomba na rafiki wa Songea na Bukoba, akaituma, kisha akakaa na redio yake akingoja jina lake lisomwe. Nchi nzima ilikuwa inaandika. Lakini tuliuliza nini? Tuliuliza nani anamsalimu nani. Hatukuuliza mtoto wa darasa la sita angependa kusikia hadithi gani.

Sisemi kwamba hatukuwa na hadithi. Wadogo walikuwa na kipindi cha Mama na Mwana, na sauti ya Deborah Mwenda iliwakalisha chini watoto waliokuwa hawakaliki. Wakubwa walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, wakawa na Ndumilakuwili na Lodi Lofa katika jarida la Sani, wakawa na Kingo wa James Gayo. Katika Sani alikuwamo hata mtoto, Madenge, mtundu wa kuvunja mbavu. Lakini Madenge tulimcheka. Hakukua, wala hatukumwona akijifunza, akishindwa, akiinuka. Alikuwa mtoto aliyechorwa kwa ajili ya kuchekesha watu wazima. Mvulana aliyetaka ushujaa alimwiba Willy Gamba wa Elvis Musiba kutoka kwenye kabati la kaka yake, akasoma mambo ya bastola na mahaba ambayo hayakuandikwa kwa umri wake.

Hapo ndipo penye pengo, msikilizaji. Kati ya hadithi ya sungura na fisi na riwaya ya mpelelezi, pana miaka sita au saba ambayo mvulana wa Kitanzania haandikiwi sana. Ni miaka ile ile ambayo zamani, katika Pwani yetu hii, alichukuliwa kwenda jando, akafundwa, akavumilia, akarudi na jina jipya na heshima yake. Jando la namna ile limepungua sana mjini. Hadithi ya kuchukua nafasi yake hatukuiweka. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mara hii ulimwengu umekuja na kitambaa kwenye paji la uso.

Nitoe mfano ulio karibu na nyumbani. Kutoka klabu ya Simba, Mtaa wa Msimbazi, mpaka klabu ya Yanga, pale Jangwani, ni mwendo wa miguu tu. Mvulana wa Kariakoo anazaliwa na kukua kati ya nyumba hizo mbili. Anacheza kwa mpira wa makaratasi, anaota jezi. Niambie ni hadithi gani ya picha, ya Kiswahili, inayomfuata mtoto wa namna hiyo juma hadi juma, kutoka uchochoroni mpaka uwanjani.

Japani ilikuwa nayo tangu mwaka 1981. Yoichi Takahashi alianza kuchora habari za kijana aitwaye Tsubasa, ambaye mpira ndio rafiki yake. Wakati huo nchi ile haikuwa na ligi ya kulipwa na haikuwa imewahi kucheza Kombe la Dunia. Ligi ikaanza 1993. Kombe la Dunia wakaingia 1998. Kitabu peke yake hakikuleta hayo, la hasha. Lakini wachezaji wengi wa kizazi kile wamesema walianza kupiga mpira kwa sababu ya Tsubasa. Hata Fernando Torres wa Hispania alieleza hivyo. Waarabu nao wakamtia sauti ya Kiarabu na kumpa jina la Kapteni Majid, na kuanzia Muscat mpaka Baghdad watoto wakakua naye kama mtoto wa jirani. Askari wa Japani walipokwenda Samawah nchini Iraq mwaka 2004, magari ya maji yaliyotolewa na Japani yalibandikwa picha ya kijana huyo ili watu wayatambue kuwa ni ya heri. Hebu pima uzito wa picha iliyochorwa kwa ajili ya wavulana.

Sasa nizungumze na mzazi anayesema "katuni tu hiyo." Neno hilo linatudanganya. Tumelizoea kwa paka na panya wanaofukuzana, tukadhani kila kilichochorwa ni cha mtoto mchanga. Hadithi ya Demon Slayer, inayopendwa mno na vijana, inaanza kwa familia karibu nzima kuuawa usiku, na vichwa vinakatwa humo mara kwa mara. Filamu yake ya mwaka 2020 iliwekewa alama huko kwao Japani kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 aongozwe na mzazi. Wenyewe wenye mali waliona ipo haja ya tahadhari. Sisi tunampa mtoto wa miaka minne simu yenye filamu hiyo ili anyamaze tupike. Na ziko zile za watu wazima kabisa, zenye mambo yasiyosemeka redioni, ambazo kwenye flashi zimelala pamoja na Naruto kwa sababu mwuzaji naye kwake zote ni katuni.

Basi usipige marufuku kabla hujatazama. Kaa naye sehemu mbili tatu. Mwulize huyu ni nani, anataka nini, kwa nini analia. Utajua kinachomwingia mwanao, na mara nyingi utajua pia kinachomsumbua, maana mtoto ambaye hawezi kukwambia "shuleni hawanitaki" anaweza kukwambia "Naruto walikuwa hawamtaki."

Tena nizungumze na wenye kalamu na wenye mitambo. Kwamba tunaweza, hilo lina ushahidi. Mwaka 2014 kikundi cha hapa hapa Dar es Salaam kilianza kuonyesha katuni ya Ubongo Kids kwenye televisheni ya taifa, kwa Kiswahili, ikifundisha hesabu na sayansi, na watoto wakijibu maswali kwa ujumbe wa simu. Imevuka mipaka na kutiwa lugha nyingine. Ile ni ya masomo, na inawafaa wadogo. Mvulana wa kuanzia miaka kumi na mitatu bado anasubiri yake, na anachosubiri ni hadithi.

Pendekezo langu ni dogo. Gazeti moja litoe ukurasa mmoja kwa juma. Wachoraji watatu wapewe nafasi, kila mmoja na hadithi yake inayoendelea: ya mpira wa Jangwani, ya mwanagenzi wa gereji za Gerezani, ya mvuvi wa Feri, watakavyo wenyewe. Chini ya ukurasa iwekwe namba ya simu, na kijana aulizwe jambo moja tu: ipi imekupendeza, ipi imekuchosha. Baada ya majuma kumi, iliyozama itolewe bila kuoneana haya. Hapo patahitajika moyo, kwa sababu sisi wakubwa tumezoea kuchagua kile tunachoona kinamfaa mtoto, kisha tunamshangaa asipokisoma.

Na mchoraji alipwe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu 1999, lakini pale kwenye foleni ya flashi haisikiki. Toriyama aliishi kwa kazi yake kwa sababu msomaji wake alilipa, juma kwa juma, fedha ndogo ndogo. Kijana wetu mwenye kipaji akichora leo, kesho kazi yake inagawiwa bure kwenye simu, na mwezi ujao yeye anaandika vibao vya saluni. Tukimtaka Naruto wetu, mtu wa kwanza kumlisha ni sisi.

Mvulana wa Mtaa wa Aggrey alijazwa flashi yake akaenda zake. Hakuwa anatoroka nyumbani wala kuukana utamaduni wake. Alikuwa amemkuta mtu, kutoka nchi ya mbali, aliyemwandikia yeye. Mtu huyo hakuwa na kipawa kuliko watu wetu. Alikuwa na wahariri waliompelekea majibu ya watoto kila juma, naye akayasoma.